Picha za Ukutani za Bayeye na Ada za Ikulu Katika Usukuma



Vijana wawili wa Bariadi, ndugu wa nyumba moja, wametuletea barua ndefu. Wamesoma khabari za Wamaya, watu wa kale wa nchi za Meksiko na Guatemala, ambao wafalme wao walichorwa kutani pamoja na ada zote za ikulu. Nao wauliza mambo mawili. La kwanza, je, sisi watu wa Simiyu tulipata kuwa na kitu cha namna hiyo? La pili, nalo ndilo lenye uzito, lahusu bibi yao mzaa baba. Bibi huyo yu hai, ni mkongwe, hajasilimu, na baba yake alikuwa mtu wa Bayeye, yaani watu wa nyoka. Ami yao amewakataza kumuuliza bibi lolote katika khabari hizo, kwa kuwa, asema, ni shirki tupu na nyumba ya Kiislamu haina haja nazo. Vijana waogopa kumuasi ami yao, na waogopa pia kwamba bibi ataondoka na kila alijualo. Wauliza: je, kuuliza ni dhambi?

Tuanze na hao Wamaya, kwa maneno machache, kisha turudi nyumbani.

Katika msitu wa Chiapas, kusini mwa Meksiko, lipo jengo la mawe lenye vyumba vitatu, mahali paitwapo Bonampak. Kuta za vyumba hivyo zilichorwa kiasi cha mwaka 790 baada ya Nabii Isa (a.s.). Chumba cha kwanza chaonyesha wakuu waliovaa majoho meupe, mtoto wa nyumba ya kifalme akionyeshwa mbele yao, na wapiga tarumbeta na ngoma wakipita kwa msafara. Chumba cha pili chaonyesha vita, na mateka walioketishwa chini ya miguu ya mfalme, damu ikiwachuruzika vidoleni. Chumba cha tatu chaonyesha ngoma kubwa ya mapambo, na mabibi wa ikulu wakijitoboa ndimi ili watoe damu kuwa sadaka kwa miungu yao. Mambo haya yalifikia ulimwengu wa nje mwaka 1946, wenyeji wa msitu ule walipomwongoza Bwana Giles Healey hadi hapo, naye akayapiga picha.

Kabla ya mwaka huo wataalamu wengi wakifundisha kwamba Wamaya walikuwa watu wa amani, makuhani wa kutazama nyota tu, wasiojua vita. Ukuta ukawakanusha. Na kwa nini ukuta ndio uliobaki kuwa shahidi? Kwa sababu vitabu vya Wamaya viliteketezwa. Mwaka 1562, katika mji wa Maní, padri wa Kihispania aitwaye Diego de Landa alivikusanya vitabu vyao pamoja na masanamu akavitia moto, akidai kwamba ni mambo ya shetani. Leo vitabu vya kale vya taifa lile zima vijulikanavyo duniani ni vinne. Na ajabu ya mambo ni kwamba padri huyo huyo baadaye aliandika kitabu kirefu kueleza mila za watu hao, na wataalamu wa leo hulazimika kumsoma yeye kwa kuwa aliwaachia kidogo sana cha kusoma.

Sasa turudi Usukuma. Jawabu la swali la kwanza ni naam, picha za ukutani zilikuwapo. Kila mkaazi wa Bariadi aliyepata kutazama mashindano ya ngoma baada ya mavuno, Bagika upande huu na Bagalu upande ule, amewaona watu wanaocheza na chatu shingoni. Hao ndio Bayeye, na chama chao chaitwa Buyeye. Kilikuwa chama kimoja miongoni mwa vyama vingi vya Wasukuma. Wako mathalan Banunguli, wawindaji wa nungunungu, nao wana ngoma zao na siri zao. Kazi ya Bayeye ilikuwa kuwashika nyoka kwa mikono, kucheza nao mbele ya kadamnasi, na kuwatibu walioumwa. Katika nchi ambayo watu hulima pamba na mtama wakiwa miguu mitupu, na watoto huchunga ng'ombe nyikani mchana kutwa, kazi hii haikuwa mchezo. Mtu hakuingia chamani kwa kutaka tu. Aliingizwa kwa taratibu, akachanjwa chale na kutiwa dawa, akafundishwa miti na mizizi, akaambiwa yapi ya kusema na yapi ya kunyamazia. Mafunzo hayo yalifanywa ndani ya nyumba, na kuta za ndani za nyumba hiyo ndizo zilizochorwa.

Rangi zilikuwa chache, za udongo na za masizi: nyeupe, nyekundu, nyeusi. Walichorwa nyoka wa kila namna, waliojikunja na walionyooka. Wakachorwa watu, wanyama wa porini, na viumbe vya katika hadithi za chama. Mchoraji hakujishughulisha kufuata sura ya kitu kama jicho lionavyo. Nyoka wake aweza kuwa mstari na madoa, na mtu wake aweza kuwa kichwa, kiwiliwili, na mikono iliyotanda. Lakini kila picha ilikuwa na jina lake na maana yake, na nyimbo zilifundishwa pamoja na picha. Mwanafunzi alionyeshwa, akaimbiwa, akaambiwa. Asiyefundishwa, hata akiingia kwa bahati, aliona madoa na mistari tu. Basi ukuta ule ulikuwa ubao wa darasa, na darasa lenyewe lilikuwa na mlango uliofungwa.

Khabari hizi zimehifadhika kwa kiasi kikubwa kwa jitihada ya Bwana Hans Cory, mzaliwa wa Vienna, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika. Kitabu chake juu ya picha za ukutani za wacheza nyoka wa Tanganyika kilichapishwa London mwaka 1953. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1951, alikuwa ametoa kitabu kingine juu ya ntemi wa Wasukuma: maziko yake, uchaguzi wake, kutawazwa kwake, na nguvu alizodhaniwa kuwa nazo. Karatasi zake nyingi zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kijana wa Bariadi asomaye huko aweza kuziomba akazisoma.

Msomaji atauliza: na ikulu je? Wamaya waliwachora wafalme wao. Mbona Wasukuma wachora nyoka? Hapa pana tofauti ipasayo kuangaliwa. Ukuta wa Bonampak ulimtukuza mfalme mbele ya wakuu wake. Ukuta wa Bayeye ulilinda elimu ya waganga isiwafikie wasiokuwamo. Ama ada za ikulu ya Msukuma, hizo hazikuwekwa katika picha. Ziliwekwa katika ngoma, katika moto, na katika mbegu.

Nchi tuiitayo leo Mkoa wa Simiyu, uliofanywa mkoa mwaka 2012, zamani ilikuwa nchi za watemi mbalimbali: Ntuzu, ambako ndiko Bariadi iliko na ndiko Wanyantuzu walikopatia jina lao, Itilima, Kanadi, Dutwa na nyinginezo. Jina lenyewe la ntemi wazee hulieleza kwa neno kutema. Wako wasemao kwamba ni yule wa kwanza aliyetema msitu watu wakapata pa kulima, na wako wasemao kwamba ni yule atemaye maneno, yaani akataye mashauri. Maana zote mbili ni nzuri, na kila moja yamtaka mtawala awe na kazi, si enzi tupu.

Ntemi hakujiweka mwenyewe. Walikuwapo wazee wa ikulu waitwao banang'oma, watu wa ngoma, na hao ndio waliokuwa na shauri la nani atawazwe. Kwa desturi ya zamani utemi haukwenda kwa mtoto wa ntemi bali kwa mtoto wa dada yake. Desturi hiyo iligeuzwa katika karne ya 20, wana wakaanza kurithi baba zao. Ngoma ya ikulu ilikuwa ndiyo ufalme wenyewe: aliye nayo ndiye ntemi, na aliyenyang'anywa ngoma amenyang'anywa nchi. Ntemi alipofariki, moto wa zamani ulizimwa majumbani, na ntemi mpya alipokaa mahali pake moto mwingine ulipekechwa kwa vijiti, watu wakachukua kwake moto wa kupeleka majikoni mwao. Msimu wa kupanda ulipowadia, mbegu zilipita kwanza ikulu. Na mvua isipokuja, macho yote yalielekea kwa ntemi na waganga wake wa mvua. Nchi ikikauka sana aweza kufukuzwa, kwa kuwa iliaminiwa kwamba afya yake na afya ya ardhi ni kitu kimoja. Sisi Waislamu twajua kwamba mvua haimo mkononi mwa kiumbe, na tunayo sala ya istiskaa tuliyofundishwa na Mtume wetu. Hata hivyo, mtawala aliyejua kwamba njaa ya raia itamwondoa kitini alikuwa na sababu ya kulala macho, na wako watawala wa zama zetu ambao wangefaa kuonjeshwa hofu hiyo kidogo.

Jambo moja zaidi litawapendeza wasomaji wetu wa pwani. Miongoni mwa alama za watawala wa bara, katika Unyamwezi na nchi jirani, kilikuwamo kibangwa, yaani kitako cha kombe la baharini kilichokatwa duara, kikavaliwa na wakuu. Kombe hilo lilitoka katika Bahari ya Hindi, likapandishwa bara na misafara, na njia hiyo hiyo ya misafara ndiyo waliyopita Waislamu wa kwanza kufika Tabora na kandokando ya Ziwa. Wala kiti cha utemi chenyewe hakikukosa Waislamu. Marhumu Abdallah Fundikira, aliyetawazwa kuwa ntemi wa Unyanyembe mwaka 1957 na baadaye akawa waziri katika serikali ya kwanza ya Tanganyika huru, alikuwa Mwislamu. Basi asidhani mtu kwamba khabari za ikulu hizi ni za watu wengine, sisi tukiwa wapita njia.

Mengi ya haya yamekwisha. Utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria mwaka 1963. Watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, nyumba nyingi za udongo na nyasi ziliachwa, na ukuta wa udongo ukikosa paa hauvumilii masika mawili. Picha za mawe za Kondoa zimekaa maelfu ya miaka. Picha za Bayeye hazikuwa na bahati hiyo, kwa kuwa zilifanywa juu ya kitu kinachoyeyuka. Makumbusho yajulikanayo zaidi ya mambo ya Wasukuma yako Bujora, karibu na Kisesa, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini Mwanza. Yalianzishwa na Padri David Clement, mtu wa Kanada, wa shirika la Mapadri Weupe. Humo mna banda la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, na ndani yake zimewekwa ngoma za ikulu. Twasema wazi, bila husuda, kwamba padri mgeni aliona thamani ya kukusanya ngoma hizo, ilhali wengi wetu tulizipita tukitazama kando.

Sasa tufike kwenye swali la pili, la bibi na ami.

Ami huyo hakusema upuuzi. Dini yetu ina ukali katika mambo ya picha, na ukali huo una sababu. Bibi Aisha (r.a.) alipotundika pazia lenye picha, Mtume (s.a.w.) alichukia, na pazia lile likakatwa likafanywa mito ya kuegemea. Wanavyuoni wengi, na wa madhehebu yetu ya Shafi miongoni mwao, wamekataza kuchora viumbe vyenye roho na kuvitundika kwa kuvitukuza. Hata hivyo tarikhi yetu haikukosa kuta zilizochorwa. Katika jangwa la Jordan lipo jumba dogo la Qusayr Amra, la zama za Banu Umayya, ambamo jina la Walid bin Yazid, aliyetawala mwaka 743 hadi 744, limesomwa ukutani. Kuta zake zimejaa mawindo, wapiga muziki, watu hamamuni, na wafalme sita wa dunia, akiwamo Kaisari, Kisra na Najashi. Twalitaja jumba hili kwa kuwa ni kweli, si kwa kulifanya hoja. Walid hakusifiwa kwa uchaji.

Lakini hebu tutazame ilivyokuwa siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, yaani 630. Mtume (s.a.w.) alikataa kuingia Al-Kaaba mpaka yatolewe yaliyomo. Ikatolewa picha ya Nabii Ibrahim na Nabii Ismail (a.s.) wameshika mishale ya kupigia ramli. Naye akawalaani waliofanya hivyo, akasema kwamba walijua wazi kuwa wawili hao hawakupata kupiga ramli kwa mishale hata siku moja. Tazameni lililomkasirisha. Masanamu yaliondolewa kwa kuwa yaliabudiwa. Na picha hii ikawa na ubaya juu ya ubaya, kwa kuwa iliwazulia uwongo wazee waliokwisha kufa.

Na lipo jambo lililo karibu zaidi na kazi ya Bayeye. Imepokewa katika Sahihi ya Imamu Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa amekataza mazinguo. Wakamjia watu wa ukoo wa Amr bin Hazm wakamweleza kwamba wao wana zinguo la kutibu aliyeumwa na nge. Hakuwafukuza. Wakamwonyesha walilokuwa nalo, akalitazama, akaona halina ubaya, akaruhusu kwa mwenye kuweza kumfaa nduguye. Na katika riwaya nyingine, watu waliomuuliza juu ya mazinguo yao ya zama za Jahiliya aliwataka wamwonyeshe kwanza, akaeleza kwamba hakuna ubaya maadamu hamna shirki ndani yake. Basi Mtume wa Mwenyezi Mungu alitaka aonyeshwe kwanza ndipo ahukumu. Nasi tutahukumuje jambo tuliloogopa hata kulisikia?

Kwa hiyo twawajibu vijana wetu: kuuliza si dhambi. Kumwendea kahini ili akupigie ramli ni dhambi kubwa, na mwenye kufanya hivyo ameonywa kwamba sala yake haikubaliwi siku arubaini. Kuchinja kwa ajili ya mizimu ni shirki. Kuingizwa katika chama kwa viapo visivyokuwa vya Mwenyezi Mungu hakufai. Lakini kuketi mkekani na bibi yako ukamuuliza baba yake alichora nini, kwa rangi gani, na mti gani ulichemshwa kwa aliyeumwa na moma, hilo ni kutaka khabari. Wala kukaa naye kwa wema kusingoje asilimu. Bibi Asma binti Abubakar (r.a.) alijiwa na mama yake aliyekuwa bado mshirikina, akamuuliza Mtume, naye akamwamuru amuunge mama yake. Asiyependa kusikilizwa ni nani? Huenda ikawa mazungumzo hayo ndiyo yatakayomfanya bibi naye aulize vijana wanasali nini.

Ami naye twamwambia kwa heshima: ghera yako ni njema, lakini kijana asiyejua babu zake waliamini nini hajui ametolewa wapi. Huyo ndiye atakayedanganywa kesho na yeyote atakayemjia na hirizi akimwambia ndiyo mila ya kwao. Wachawi wa Firauni walikuwa mabingwa wa kamba zilizoonekana kama nyoka, na ndio waliotangulia kusujudu walipoiona fimbo ya Nabii Musa (a.s.), kwa kuwa walijua vema mwisho wa hila zao ni wapi.

Juu ya dawa, tahadhari moja. Miti ya Bayeye iandikwe majina, na ikiwezekana wapelekewe wataalamu waichunguze. Lakini mtu aliyeumwa na nyoka asifanywe somo la majaribio. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, wala kisikatwe kwa wembe, wala kisifungwe kwa kamba ya kukaza, naye apelekwe hospitali upesi kama iwezekanavyo. Shirika la Afya Duniani liliitia sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyopuuzwa mwaka 2017, na wanaokufa kwayo ni wakulima na watoto wa wafugaji, yaani watu wa Simiyu hasa.

Vijana wameuliza mwishoni kama wafaa kuinakili picha moja ya nyoka na kuitundika barazani. Kuinakili katika daftari la kujifunzia, kwa ajili ya kuhifadhi khabari, wako wanavyuoni wa zama hizi walioona ruhusa. Kuitundika barazani hatuwashauri. Baraza ya nyumba ya Kiislamu yatosha kwa jina la Mwenyezi Mungu, na kwa wageni. Daftari hilo liandikwe tarehe, jina la kijiji, na maneno ya Kisukuma kama bibi ayatamkavyo, kabla ya kuyafasiri.

Suala la mahari ya ng'ombe, lililoletwa na msomaji wetu wa Maswa, tutalijibu mwezi ujao, inshallah.